Boliti ya Nne ya Mke Mwenza

Jumapili, 3 Agosti

Baba,

Shikamoo. Najua barua huanza kwa kuulizana hali, basi tulimalize hilo mapema: mimi mzima, mama mzima, mashine mgonjwa.

Naandika kwa sababu kwenye simu siwezi, unajua mwenyewe. Juzi ulipopanda kile kilima chenu kutafuta mtandao ukaniuliza, "Habari za huko?" nikajibu, "Nzuri." Ukauliza, "Na mashine?" nikajibu, "Ipo." Halafu tukabaki kusikilizana pumzi mpaka simu ikakatika. Nilikuwa na maneno tele, baba. Yalifika kooni yakapanga foleni, na hakuna lililotaka kutangulia. Kwenye karatasi hayasukumani. Jirani yetu Dereva amesema kila lori lake likileta saruji huko darajani kwenu atabeba barua yangu, mradi nisimfanye asubiri huku injini inanguruma.

Sasa jambo lenyewe. Ulipoondoka ulisema mkataba ukiisha utarudi, ufungue banda, uanze tena kuchonga vipuri vya watu. Lakini nimemsikia mama akimwambia mke wa Dereva kwamba msimamizi wako anataka uongeze miaka miwili, na jibu analitaka kabla ya mvua. Nikawaza: ngoja nimwashie baba mashine yake, nimwandikie kwamba iko tayari, inamngoja. Nikachukua ufunguo, nikaingia bandani, nikabonyeza kitufe cha kijani.

Ikavuma. Mmmmm. Kama mtu anayejiandaa kusema jambo zito. Haikuzunguka. Nikazima, nikawasha tena. Mmmmm. Taa ya bandani ikafifia. Nikazima nikatoka mbio, maana niliona itanilipukia.

Mama alikuwa kwenye cherehani yake, pini zimejaa mdomoni. "Mke mwenzangu kaamka?" akauliza. Nikamwambia anavuma tu. Akasema, "Kamnunia mumewe," akainama kwenye nguo. Lakini alikaa muda mrefu mguu uko juu ya pedeli, haukanyagi.

Kuna ajabu moja. Banda ni safi. Nilitegemea buibui wawe wamejenga ghorofa, kumbe hata chenga moja ya chuma sakafuni hakuna, na mashine inang'aa. Ila chini ya mota kuna alama ya mafuta iliyokauka, kama chozi.

Nimekuta kitabu chake kwenye droo, kimeandikwa kwa lugha ya shuleni. Nimekisoma chote. Unajua kuna ukurasa mzima wa mambo ambayo mashine haitakiwi kufanyiwa? Mengi kati ya hayo nimekuona ukiyafanya.

Niambie nianzie wapi. Na usimwambie mtu kwamba nilikimbia.

Mwanao uliyemwita
Kasuku

---

Jumatano, 13 Agosti

Kasuku wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisomea juu ya rundo la nondo, wenzangu wakaniuliza nacheka nini. Kumbe unasema! Nilikuita Kasuku kwa utani, sasa naona nilibashiri.

Kuhusu kitabu, mimi na mashine ile hatujawahi kukisoma, ndiyo maana tumeelewana.

Kuhusu mkataba, ulisikia kweli, na sitakuficha kwa sababu umenifungulia moyo. Mimi ni mchonga vipuri. Bila mashine sina la kufanya huko ila kukaa kibarazani nihesabu wapita njia. Mota ya aina ile haitengenezwi tena. Kama imekufa, nitaweka sahihi nibaki huku miaka miwili. Na mama yako, tusidanganyane, atalala vizuri zaidi. Amevumilia mengi: chenga za chuma kwenye shuka, mikono yangu myeusi kwenye mapazia yake, kelele mpaka wateja wake wakawa wanapimwa kwa ishara. Siku naondoka alisema, "Haya, sasa nyumba itapumua." Sijaisahau kauli hiyo.

Lakini mota inayovuma haijafa. Maiti havumi. Umeme unaifika, ila kitu cha kuianzisha kimekosekana. Sasa fanya hivi, na kila safari anza kwa kuchomoa waya ukutani. Vua mkanda, mota ibaki peke yake. Zungusha puli yake, lile gurudumu la mkanda, kwa mkono. Ikienda laini, beringi ni nzima. Halafu zungushia kamba kwenye puli kama wanavyowasha jenereta, bila fundo, ili ukiivuta itoke yote. Nywele zifunge. Simama pembeni. Chomeka, washa, vuta hapohapo. Isipozunguka zima upesi, usiiache inavuma, itaungua kweli.

Kile kikopo mgongoni mwake ni kapasita. Kazi yake ni kuipa mota teke la kwanza. Usikiguse hata kama waya umechomolewa, kwa sababu kinaweka umeme kama mtu anavyoweka kinyongo: unadhani yameisha, kumbe. Kwanza unganisha ncha zake na balbu yenye nyaya mbili, kinyongo kiishie humo.

Banda safi? Ufunguo wa akiba nilimwachia Dereva. Pengine anafagia.

Baba yako

---

Jumapili, 24 Agosti

Baba,

Shikamoo. INAZUNGUKA. Samahani kwa herufi kubwa.

Nilitumia kamba ya kuanikia nguo. Mama alisimama dirishani, akasema amekuja kuangalia kamba yake tu. Beringi ni laini, puli ilizunguka yenyewe hata nilipoiachia. Nikaizungushia kamba, nikachomeka, nikawasha, mmmmm, nikavuta. Baba, ilichukua! Ikashika mwendo, ikaimba ile sauti yake ya zamani, mpaka paka wa jirani akaruka ukuta. Nilipogeuka dirishani mama hakuwepo. Nilimkuta jikoni akikata vitunguu, akasema vitunguu vya safari hii ni vikali.

Halafu nikawa na swali. Nikaizima, nikaizungushia kamba upande wa pili, nikavuta kinyume. Ikazunguka kinyume! Kwa furaha ileile! Mota haina upande wake. Ukiisukuma kulia inakwenda kulia, ukiisukuma kushoto inakwenda kushoto, usipoisukuma inasimama inavuma mpaka inapata joto. Nililala nikiiwaza. Nguvu ipo, njia ipo, kwa nini isianze? Sitaki kusema inanikumbusha nani.

Nikaanza na kapasita. Balbu iliwaka mara moja ikazimika, kinyongo kikaisha. Nikakumbuka pampu ya maji ya kina Dereva ina kapasita inayokaribiana na yetu. Ilibaki kwenda kuiomba. Nilirudia maneno njia nzima. Mke wa Dereva akafungua mlango, "Karibu mwanangu, umefuata nini?" Maneno yakapanga foleni tena. Nikasema, "Maji." Nikarudi nyumbani na ndoo ya maji, baba, na kwetu maji yapo. Mama akaitazama ndoo, akanitazama, akaimwaga kwenye pipa.

Kesho yake nikapeleka barua. Ndiyo, barua, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Dereva aliisoma kwa sauti mlangoni, akacheka hadi akakaa, lakini kapasita alinipa.

Nimeifunga. Mmmmm. Vilevile. Pampu yao nimeirudishia na inafanya kazi. Kwa hiyo teke lipo, ila halifiki. Kuna nini katikati?

Kasuku

---

Jumanne, 2 Septemba

Kasuku,

Marahaba. Swali lako la mwisho ndilo swali, na watu wazima wengi hawalifikii. Wananunua kapasita ya pili na ya tatu.

Katikati kuna swichi, imo tumboni mwa mota. Ina vyuma vidogo viwili vyenye springi. Mota ikisimama, swichi imefumba, inapitisha lile teke. Mota ikishika mwendo, vyuma vinatanuka na swichi inaachia. Ndivyo nilivyokufundisha baiskeli: nilikushika kiti mpaka ukachanganya, nikakuachia bila kukuambia. (Ulipogundua ulianguka, lakini hilo ni jambo lingine.)

Kwa hiyo yamebaki mawili. Ama swichi haifumbi, ama koili ya kuanzia, ule waya uliosukwa humo ndani, imeungua. Kama ni swichi, tumepona. Kama ni koili, basi. Fundi wetu wa kusuka mota, Shaba, atataka kuikata na kusuka upya, ila waya wa unene ule hana, nilishamwuliza zamani. Mota haitarudi ilivyokuwa.

Utajua kwa pua. Koili iliyoungua ina harufu moja tu duniani, kali, chungu, inakaa kooni. Ukiinusa mara moja hutaisahau.

Itabidi uishushe. Nyaya zitie alama kabla ya kuzifungua, usiamini kumbukumbu. Puli ina skrubu ndogo ubavuni, ilegeze kwanza, kisha ivute taratibu. Usiigonge nyundo, utapinda mhimili. Chini ya mota weka kitu laini cha kuipokea, ni nzito. Ina boliti nne. Tatu utaziona. Ya nne imejificha nyuma ya bamba, kama wewe wageni wakija. Itafute kwa kidole.

Msimamizi kaniuliza tena. Anataka jibu mwisho wa mwezi huu. Nimemwambia nangojea barua. Akasema, "Barua? Zama hizi?"

Baba yako

---

Jumapili, 14 Septemba

Baba,

Shikamoo. Kaa chini kwanza, kwenye nondo zako.

Nyaya nilizitia alama kwa nyuzi za mama. Nyekundu kwa nyekundu, bluu kwa bluu, na ule waya usioeleweka rangi nikaufunga uzi wa dhahabu, wa nguo ya bibi harusi anayekuja kuichukua Ijumaa. Nilijua nitagombezwa. Mama alikuja bandani na kopo la nyuzi mkononi, akaona mota imevaa nyuzi zake zote, akasema, "Mke mwenzangu anaolewa tena?" Akaondoka, akarudi na mito miwili ya kochi. Ile mizuri, baba. Akaipanga chini ya mota mwenyewe.

Boliti tatu zilitoka. Ya nne niliitafuta kwa kidole mpaka kidole kikachubuka. Mama akaikumbatia mota kwa mikono miwili ili isining'inie wakati nafungua. Ilipoachia, uzito ukamjia wote. "Taratibu, taratibu, asiumie!" Halafu akajikumbuka. "Namaanisha sakafu yangu. Akianguka ataipasua."

Tukaitia kwenye toroli. Nikamwomba twende wote kwa Shaba. Akasema, "Mimi? Nimsindikize mke mwenza hospitali? Mjini watanicheka." Nikaenda peke yangu.

Karakana ya Shaba unaijua, watu hawakosi. Mmoja kaleta feni, mwingine kaleta redio, wengine wameleta midomo tu. Shaba akaniona nimesimama na toroli.

"Binti, umekuja na kazi au umekuja kuninunia?"

Nikaonyesha kwa kidole.

"Haa, hii si ya Mchonga Vipuri? Mwenyewe yuko wapi? Bado anajenga madaraja?" Akaizungusha, akaiunganisha na umeme, ikavuma. Hata hakusikiliza. "Imeungua hii. Koili ya kuanzia. Nakata, nasuka upya, waya nitatumia huohuo nilio nao." Akafungua kifuniko kwa vyombo vyake, akachukua patasi na nyundo.

Baba, nilijua ananikatia nini. Si koili tu. Patasi ikishuka, wewe unaweka sahihi. Nikafungua mdomo. Unajua kilichotoka? Mmmm. Nilivuma! Watu wakageuka. Shaba akasema, "Binti, unaumwa tumbo?" Mwenye redio akacheka. Shaba akaiweka patasi juu ya koili.

Nikasema, "NUSA!"

Sijui niliitoa wapi sauti ile. Mwenye feni alidondosha parafujo zake. Shaba akasimamisha nyundo hewani. "Unasemaje?"

"Nusa. Shikamoo. Nusa kwanza, tafadhali. Kama imeungua itanuka."

Akanitazama, akainama, akanusa. Akanusa tena, safari hii amefumba macho. "Mh. Haijaungua," akasema taratibu. "Ila inanuka kitu. Njoo na wewe unuse."

Nikanusa. Haikuwa ile harufu uliyoniambia.

Akamulika tochi ndani. Ile swichi yako, na vyuma vyake viwili, vyote vimezama kwenye utando wa kahawia unaonata, mafuta yaliyochanganyika na unga wa chuma, kama asali iliyomwagikiwa mchanga. Vyuma vimegandia nje, swichi imebaki wazi. Aliisugua kwa petroli na brashi, akapitisha msasa laini pale ncha zake zinapogusana, akanipa niijaribu kwa kidole. Tak. Nikaiachia. Tak. Sauti ndogo hiyo ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta mwezi mzima!

Akaiunganisha na umeme. Haikuvuma. Ilianza yenyewe, moja kwa moja, kana kwamba haikuwahi kusumbua mtu. Wenye midomo wakapiga makofi.

Shaba akaniuliza, "Nani kaimwagia mota mafuta? Hii beringi zake zimefungwa na grisi yake ndani. Haitaki tone." Nikakumbuka ule ukurasa wa makatazo kwenye kitabu, mstari wa juu kabisa unasema hivyohivyo.

Nikaanza kupakia toroli. Na wewe usiniulize, baba. Sijui mafuta yametoka wapi.

Mota iko nyumbani juu ya mito. Sasa huna sababu ya kuweka sahihi. Au unayo?

Kasuku

---

Jumamosi, 20 Septemba

Kasuku,

Marahaba mara mia. Nimewasomea wenzangu ile sehemu ya "Nusa. Shikamoo." Sasa kambi nzima mtu akiamka anasalimiwa, "Nusa!" Najivunia wewe mpaka naona haya.

Lakini hilo la mafuta limenichoma. Mota haikuwahi kuingia mafuta mikononi mwangu. Mafuta hayapandi ukuta yenyewe. Nje ya nyumba yetu, mwenye ufunguo wa banda langu ni mmoja tu, naye ni Dereva. Sasa naelewa ule usafi: amekuwa akiitumia mashine yangu, na akishamaliza anafagia kuficha. Mtu niliyemwamini! Akifika na lori lake safari ijayo atanikuta nimesimama getini. Ufunguo nitamnyang'anya mbele ya watu.

Umeniuliza kama nina sababu. Mashine imepona, ni kweli. Nafurahi, lakini nimegundua mashine haikuwa sababu yote. Nyumba imezoea kupumua bila mimi. Nikirudi narudi na chenga zangu na kelele zangu kwa mtu aliyekwisha kupumzika. Tarehe thelathini msimamizi anafunga karatasi zake. Sijui nimjibu nini.

Baba yako

---

Jumanne, 23 Septemba

Baba,

Shikamoo. Barua yako ililetwa na Dereva mwenyewe, anapiga mluzi, hajui amebeba nini. Aliniambia, "Baba yako kanikumbuka humo?" Nikasema ndiyo. Sikudanganya, lakini sikulala.

Wiki iliyopita nilikuandikia kwamba sijui mafuta yametoka wapi. Nilijua. Nilijua palepale kwa Shaba, kabla hata hajawasha tochi. Niliponusa sikunusa mashine, nilinusa mapaja ya mama, nilipokuwa mdogo nikilala chini ya cherehani huku anashona. Mafuta yale mepesi, ya chupa yenye mdomo mrefu. Hayatumiki popote pengine nyumbani kwetu. Nikanyamaza kwa sababu niliona si siri yangu. Lakini sasa nikinyamaza Dereva atanyang'anywa ufunguo ambao mke wake anasema ulipotea nyuma ya kabati tangu ulipompa.

Kwa hiyo nimeiweka barua yako juu ya cherehani, nimetoka nje. Nilipoingia, mama alikuwa na kalamu. Alichoandika sijakisoma. Kimo kwenye bahasha hii hii.

Kasuku

---

Siku hiyohiyo

Baba Kasuku,

Salamu. Mwache mtoto wa watu Dereva na lori lake. Mafuta nimetia mimi.

Sasa cheka kwanza, ukimaliza usome.

Siku unaondoka ulisimama mlangoni na begi, ukasema, "Nitunzie mtoto, nitunzie na mashine." Mtoto ninajua kumtunza. Mashine ninayoijua ni moja, cherehani yangu, na cherehani kila penye tundu unadondosha tone, la sivyo inalia. Basi nami kila nikimaliza nguo za watu nilichukua chupa yangu nikaingia bandani. Nilipangusa, nilifagia, nikatafuta matundu. Ile mota ina matundu mengi, mume wangu! Sikuliacha hata moja. Tone hapa, tone pale. Nikaona haliiumi, nikaongeza. Kumbe nilikuwa namnywesha sumu kwa kijiko.

Kwa nini sikusema? Ningesemaje? Miaka yote namwita mke mwenza, mtaa mzima unacheka, halafu nionekane nampelekea zawadi? Nilikuwa naingia binti akiwa shuleni. Naketi kwenye kigoda chako. Mara nyingine nazungumza naye. Namwambia, "Mwenzangu, leo hakupiga simu." Yeye angalau hana maneno ya kunijibu, na wewe ukipanda kilima unauliza habari za mashine kabla ya habari zangu.

Juu ya ile kauli ya nyumba kupumua. Wewe ulitaka niseme nini, na lori linapiga honi nje na wewe huna hata chozi? Nilitaka ugombane nami, uweke begi chini. Ukasema, "Haya." Haya!

Nyumba haijapumua. Nyumba imebana pumzi tangu siku ile. Ilipozunguka kwa kamba, ikatoa ile kelele yake mbaya, nilikwenda kukata vitunguu ambavyo sikuwa na chakula cha kuvitia.

Mambo ya sahihi ni yako, mimi sikushiki mkono. Ila ujue nani alimwua mashine wako, na kwa nini. Na kama hukasiriki, mjibu mtoto, maana yeye ndiye anayekaa getini akingoja barua zako.

Mimi,
Mama Kasuku

(Uzi wa dhahabu niliununua mwingine. Ule uliofungwa kwenye waya usiutoe, umempendeza.)

---

Jumamosi, 27 Septemba

Kasuku, na Mama Kasuku,

Dereva alinikuta getini kama nilivyoahidi. Nilimpokea kwa mikono miwili, nikamsaidia kushusha saruji, mfuko baada ya mfuko. Aliniuliza kama naumwa.

Mama Kasuku, sikucheka. Nilijaribu. Nimepanda kilima chetu nikupigie, mtandao ulikuwepo, simu mkononi, namba yako mbele ya macho. Unajua nini kilitokea? Nilivuma. Kumbe huyu mtoto hakuokota ukimya barabarani. Nikashuka nikaandika.

Sikuuliza habari zako kwanza kwa sababu niliogopa utasema nzuri.

Msimamizi nimemjibu. Karatasi yake nimemrudishia, mahali pa sahihi pakiwa peupe. Akasema, "Barua imefika?" Nikamwambia imefika.

Kasuku, irudishe mota mahali pake kama ulivyoishusha, ufuate nyuzi zako. Mkanda usiukaze sana. Lakini fungeni boliti tatu tu, na msiiwashe. Ya nne niachieni. Mimi ndiye niliyeificha pale nyuma, acheni niikaze mimi. Dereva anasema safari ijayo lori linarudi tupu, na kiti cha mbele kina nafasi.

Baba

---

Jumanne, 30 Septemba

Baba,

Shikamoo. Hii Dereva atakupa ukishapanda, uisome njiani.

Mota imerudi mahali pake. Mama aliikumbatia tena wakati nafunga, safari hii hakusingizia sakafu. Boliti tatu zimekaa. Nilipofika kwenye ya nne, nikiiandaa tu niiweke mezani ikungoje, sikuiona. Nimetafuta chini ya mito, kwenye toroli, kwenye droo ya kitabu. Nimemwuliza mama. Akasema, "Boliti ndiyo nini?"

Jana alikuwa akishona kwa mwendo wa kasi, anaimba kidogo, na kila akikanyaga pedeli kitu kizito kilikuwa kinagonga mguu wa cherehani kutoka mfukoni mwake. Tak. Tak.

Mimi nimeacha kutafuta, baba. Utamwuliza mwenyewe. Usianze na habari za mashine.

Kasuku